Maabara Iliyongoja Mgeni

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya mabomba yakikohoa. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kwanza ukielekea ukingoni, nasi wasichana wa kidato cha nne tulikuwa nje tukipalilia maua ambayo hata hayajaota. Fundi alikuwa ndani ya maabara mpya akifungulia maji kwa mara ya kwanza. Kwanza ulikuja upepo mtupu, fyuuu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuinuka. Kisha bomba likakohoa, likatema, likakohoa tena. La meza ya pili likaitikia, na la tatu, mpaka chumba kizima kikawa kama wadi ya wenye kifua. Halafu maji yakapiga sinki kwa kishindo, tukatupa majembe tukakimbilia dirishani.

"Sista, kuja uone wagonjwa wako," akasema rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja.

Aliniita Sista tangu siku aliyojua kwamba nataka kuwa muuguzi. Siku nyingine akiwa na ubaya aliniita daktari wa kuku. Sikukasirika. Mimi nilizaliwa mtu wa kuona vizuri tu. Mama alikuwa akisema nikitumbukia kisimani nitapiga kelele nikisema angalau kuna maji.

Shule yetu ilikuwa ya harambee, huko Waithaka, kwenye shamba alilolitoa mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Wazazi ndio waliojenga madarasa, leo mbao, kesho mabati, halafu tunangoja tena mpaka kahawa iuzwe. Mvua ikinyesha mwalimu aliacha kufundisha, maana mabati yalimshinda sauti. Alikaa mezani akatutazama, nasi tukamtazama. Serikali ilikuwa na shule zake huko mjini, za mawe na nyasi zilizokatwa, na waliofaulu sana darasa la saba waliitwa huko. Sisi tuliobaki tulikuja hapa na viatu vya ndugu zetu.

Nilitaka kuwa muuguzi, basi. Kulikuwa na chuo kilichochukua wasichana waliotoka kidato cha nne, lakini kilitaka uwe umefanya mtihani wa sayansi pamoja na ule wa vitendo, yaani ule wa kushika vyombo kwa mikono yako mwenyewe ukaonyesha unajua. Shule isiyo na maabara haikuruhusiwa kuufanya. Unaweza kuwa na akili ya kujaza gunia, huna maabara, huna mtihani. Kwa hiyo maisha yangu yote, jinsi nilivyoyapanga usiku nikiwa nimejifunika blanketi, yalikuwa yanategemea chumba kimoja chenye sinki.

Chumba hicho tulikipata kwa njia ya chama. Mjini kulikuwa na chama cha wahandisi, wachora ramani za majengo na wapima ardhi, Waafrika na Wahindi na Wazungu wachache waliobaki, waliokutana kila mwezi katika ofisi ya ghorofani. Walikuwa wameshirikiana na chama cha akina mama wa mjini, wengi wao wa upande wa Spring Valley, wasaidie shule za sekondari zisizo na kitu. Shule zilizoomba zilikuwa nyingi kuliko mifuko yao. Mwalimu mkuu akaona maneno yake peke yake hayatoshi, akanichukua mimi nikazungumze, maana alisema uso wangu hauna manung'uniko.

Nilikuwa nimekariri Kiingereza cha kurasa mbili. Nilisimama mbele ya meza ndefu, na juu ya meza kulikuwa na mikate iliyokatwa pembetatu, midogo, haina maganda. Nikaikazia macho ile mikate na Kiingereza chote kikanitoka. Mhandisi mmoja, mwanamume mrefu mwenye miwani, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wao, akanionea huruma akaniuliza kwa Kiswahili:

"Na tusipowajengea, utafanya nini?"

"Nitasomea ubaoni hivyo hivyo, bwana," nikasema. "Halafu siku moja utaugua, na mimi ndiye nitakayekudunga sindano."

Walicheka mpaka mama mmoja akaweka kikombe chini. Mwalimu mkuu alitoa leso akajifuta shingo. Kabla hatujaondoka walishapiga kura, na yule mama akanifungia mikate minne kwenye karatasi nimpelekee mama yangu. Mama aliila akauliza maganda walimpa nani.

Sitawasema vibaya watu wale. Walikuja kweli. Jumamosi baada ya Jumamosi walifika na viatu vya mpira, watu waliozoea kukaa ofisini, wakipima, wakigombana kuhusu mteremko wa maji machafu. Mhindi mchora ramani alijichuna mikono kwa mawe na akakataa kuvaa glavu. Stuli zilitoka mtaa wa Karen, kwenye nyumba ya Mzungu aliyekuwa anahama. Wazazi walibeba kokoto. Chumba kikasimama, cha mawe yaliyochongwa, chenye madirisha makubwa na meza nyeusi na majiko madogo ya gesi yenye mpira wa kupitishia gesi, kila meza na lake. Ukiingia kilinuka rangi na mbao mpya. Sijawahi kunusa kitu kilichofanana zaidi na kesho.

Sherehe ya kukabidhiwa ilipangwa mwezi wa pili. Chama kilimwalika mkubwa mmoja wa serikali awe mgeni wa heshima, akate utepe. Kwaya yetu ilifanya mazoezi mpaka watoto wa jirani wakaujua wimbo kutuzidi. Siku yenyewe tulipamba lango kwa matawi ya mtarakwa, akina mama wakaja na leso mpya, kuku wakachinjwa, mbuzi wakachinjwa. Tukapangwa mistari miwili kandokando ya njia. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Watoto wadogo walianza kukaa chini mmoja mmoja. Ndipo ikaja Landrova na kijana mwenye tai akamnong'oneza mhandisi, na mhandisi akasimama mbele yetu akasema mheshimiwa amepata safari ya ghafla, samahani sana, siku nyingine itapangwa.

Chakula kililiwa, kwani chakula hakina siku nyingine. Watu walipokwisha kushiba, mwalimu wetu wa sayansi, kijana aliyekuwa hana hata mwaka tangu atoke chuoni, aliinuka akauliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hivyo Jumatatu niingie na kidato cha nne?"

Mzee mwenyekiti wa kamati alimgeukia kama mtu aliyesikia tusi.

"Mwalimu, kwani kwenu mbuzi wa mahari huchinjwa wenyewe hawajafika? Zawadi haiguswi kabla mtoaji hajaikabidhi mbele ya watu. Mgeni akija akute meza zimeungua na hizo dawa zenu, atasema tulikuwa na njaa ya vitu."

"Lakini mzee, watoto wana mtihani."

"Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Huyu atakuja wiki ijayo, ikizidi sana mwezi ujao. Wewe kijana haraka ni ya nini? Unaoa?"

Wazee wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Niliona akimtazama mhandisi, aliyekuwa amesimama karibu na gari lake, anamuaga mchora ramani. Angemwendea tu. Hatua chache, swali moja. Lakini alikuwa mtu aliyeombaomba kwa ajili yetu miaka mingi, ofisi hii na ile, kofia mkononi, na kumuuliza mfadhili kama tunaweza kuanza bila yeye kwake ilikuwa kama kumwambia mgeni aache kikapu mlangoni arudi kwao. Gari likaondoka. Mwalimu mkuu akafunga maabara, akatia ufunguo kwenye mfuko wa kifuani, akaupapasa.

Wale wa chama walirudi mjini kwenye kazi zao wakiamini kwamba Jumatatu tutaingia. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule tulidhani wao ndio wanaotaka tungoje.

Tukaendelea kusoma sayansi ubaoni, na maabara iko palepale, ukuta kwa ukuta. Mwalimu wa sayansi alikuwa na neno lake, chukulieni. "Chukulieni nimetia matone mawili. Chukulieni mmeona rangi inageuka." Nasi tunaandika, rangi iligeuka. Rafiki yangu aliinua mkono siku moja.

"Mwalimu, iligeuka kuwa rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu kama sweta yetu ama bluu kama mbingu?"

Mwalimu alifikiri, akatazama dirisha la maabara, akasema, "Andika bluu tu."

Siku ya pili ya mgeni iliangukia mvua za masika. Barabara ya kwetu ikawa uji, na watu wake wakapiga simu ofisi ya chifu kwamba magari hayatapita. Ya tatu mheshimiwa alifiwa, na huwezi kumlaumu mtu kwa msiba. Kila mara tuliosha sare, tukakata mtarakwa, tukaimba kidogo, tukarudi darasani. Mwishowe wimbo ule ukanichosha hata mimi. Nilikuwa nikiusikia kichwani nikichuna mboga.

Ijumaa wasichana waliruhusiwa kuingia maabara kwa usafi. Mwalimu mkuu alifungua mwenyewe akasimama mlangoni. Tulipangusa vumbi kwenye meza, kwenye majiko ya gesi, kwenye chupa zilizopangwa kabatini na karatasi zake. Kila stuli ya Karen nilikuwa naijua, ipi ina mkwaruzo, ipi inayumba. Nilizipangusa zote na sikukalia hata moja.

Ni Ijumaa kama hiyo alipokuja yule mama wa Spring Valley, yule wa mikate, bila kutoa habari. Alikuwa amebeba sanduku la mbao, ndani yake hadubini, ile ya kuonea vitu ambavyo jicho halivioni. Chama cha akina mama kilikuwa kimechangishana kuinunua. Alisimama katikati ya maabara akazunguka pole pole. Akapitisha kidole juu ya meza akakitazama.

"Jamani," akasema, "nimetembelea shule nyingi tulizosaidia. Meza zimechorwa majina, zimeungua, sinki zimeziba. Hapa ni kama jana! Mwalimu mkuu, mnaitunza vizuri ajabu."

Alidhani tumetoka kuitumia tukasafisha. Mwalimu mkuu alisimama wima, uso wake ukafunguka, mtu ambaye sikumbuki aliwahi kusifiwa na yeyote mbele yetu. "Tunajitahidi, mama," akasema. "Tunajitahidi sana."

Rafiki yangu alininong'oneza nyuma ya tambara, "Si kama jana. Ni jana yenyewe."

Baada ya sifa ile hakukuwa tena na mtu wa kumwambia mwalimu mkuu afungue. Hadubini ikatiwa kabatini. Mwalimu wa sayansi aliacha hata kuuliza.

Mkaguzi wa elimu alikuja muhula wa pili. Kazi yake ilikuwa kuona kama shule inafaa kufanyia mtihani wa vitendo. Wazee wa kamati walikubali afunguliwe kwa sababu alitoka serikalini, na serikali, walisema, ni jamaa ya mgeni. Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye kikohozi. Hakutazama meza wala madirisha. Aliomba kuona madaftari yetu ya majaribio, akayafunua, akasoma bluu, bluu, bluu. Kisha akaninyoshea kalamu mimi, kwa kuwa nilikuwa mbele na nilikuwa nikitabasamu.

"Binti, hebu niwashie jiko hilo."

Nilijua. Nilikuwa nimeandika hatua zote na kuchora. Nikashika kiberiti. Lakini ule mpira ulikuwa bado na unga wa kiwandani, ukaniteleza mkononi, na kile kishikio cha gesi kilikuwa kigumu kwa sababu hakijawahi kugeuzwa, na nilipokivuta kwa nguvu njiti ilikuwa imekwisha kuniunguza kidole. Gesi ikanuka. Nikawasha njiti nyingine na moto ukaruka, mfff, mrefu na wa manjano, nikarudi nyuma nikaangusha stuli. Wenzangu walipiga kelele.

Mkaguzi alizima mwenyewe. Akagusa mpira, akatazama unga kwenye vidole vyake.

"Hii haijawahi kuwashwa," akasema.

"Bwana mkaguzi," mwalimu mkuu akasema, "tulikuwa tunaitunza. Tunangoja siku yake."

Mkaguzi alikaa juu ya stuli, akawa wa kwanza kukaa mle. Alimtazama mwalimu mkuu muda mrefu bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mwalimu," akasema, "mimi naweza kuandika nilichokiona tu." Alichokiona ni kwamba watoto hawajui. Mwaka ule tulipewa ile karatasi nyingine, ya sayansi ya kuandika tu, ambayo chuo changu hakikuitambua.

Nyumbani nilimkuta mama akiambua maharagwe. Nikamweleza. Aliendelea kuambua, kisha akasogeza ungo upande wangu ili nami nishike.

"Lia," akasema. "Si ni nafasi yako iliyopotea? Lia tu. Lakini ambua."

Nikaambua. Maharagwe ya jioni ile yalikuwa mengi.

Kwa kuwa sikuwa na akili ya kukata tamaa, Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini kwa mhandisi. Nilijiambia aliyejenga hawezi kushindwa na karatasi. Nilimkuta ofisini, amevua koti, ramani zimetandazwa mpaka sakafuni. Alinikumbuka.

"Wewe ni wa sindano!" akasema. "Haya, maabara mnaionaje?"

"Bado tunamngoja mgeni, bwana."

"Mgeni yupi?"

"Yule wa kukata utepe. Tangu mwezi wa pili."

Alivua miwani. "Unataka kuniambia hamjaingia?"

"Tunaingia Ijumaa. Kupangusa."

Akaiweka juu ya ramani. "Lakini sisi hatukukataza," akasema. "Nani aliwakataza? Sisi tulidhani mnaitumia tangu Jumatatu ile."

Ni kweli, hakuna aliyetukataza. Watu wa kwetu waliwaheshimu watu wa chama, na watu wa chama walituheshimu kwa kutotuchungulia, na heshima hizo mbili zikakaa zikitazamana kama wageni sebuleni. Mhandisi alishika simu. Alipiga ofisi ya elimu, akangoja, akapiga kwingine, akasema "ndiyo, ndiyo, naelewa" mara nyingi. Alipoiweka chini nilikuwa nimekwisha kujua kwa mgongo wake.

"Wanasema mwaka ujao bila shaka. Mwaka ujao shule itafanya."

"Mwaka ujao mimi sipo, bwana."

Alivaa miwani, akaivua tena. Alisema atalipeleka jambo hili kwenye mkutano wa chama. Nadhani alilipeleka, kwa sababu baada ya hapo chama kilianza kumkimbiza mgeni kwa bidii, na lori likatuletea viti vya kukodi vya kungojea sherehe. Viti viliwekwa chini ya turubai. Lakini neno la kufungua mlango kabla ya sherehe halikuja. Wazee walisema tumengoja mpaka hapa, sasa tukiingia tutaonekana watu wa kukata tamaa mlangoni.

Siku hizi nauza vitambaa katika duka la watu wa Mombasa hapa katikati ya mji. Ni watu wema. Mama mwenye duka huniita mwanangu na saa ya adhuhuri hunipa chai ya tangawizi. Sina malalamiko, na bado huota, maana ndoto hazina mtihani. Lakini wasichana wa chuo huja kununua kitambaa cheupe cha sare, wanacheka, wanajipimia mabegani mbele ya kioo. Nawapimia vizuri, navuta kitambaa kidogo upande wao. Wakitoka mimi hukunja mabaki kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mgeni alikuja mwezi wa kumi na moja mwaka ule, tukiwa tumekwisha kumaliza mtihani. Kidato cha nne tuliitwa turudi kwa sababu kwaya ilikuwa yetu. Nilivaa sare iliyokuwa imeanza kunibana, nikaimba. Alikuwa mtu mkunjufu, mheshimiwa yule. Alicheza hatua mbili tatu na akina mama, akamshika mkono mwalimu mkuu kwa mikono miwili, na mwalimu mkuu akalia. Sikuweza kumchukia yeyote kati yao, ingawa nilijaribu. Utepe ukakatwa. Vigelegele. Kisha akaongozwa kando ya mlango, ambako chama kilikuwa kimeweka jiwe jeusi la ukumbusho ukutani, limefunikwa pazia dogo la satini alilolishona mke wa mzee wa kamati. Akavuta kamba, pazia likasogea, akasoma kwa sauti nzuri ya watu wa redio kwamba maabara hii ilizinduliwa na yeye, kwa msaada wa chama fulani na chama fulani, na tarehe.

Makofi yakapigwa. Rafiki yangu alinibonyeza ubavuni.

"We, Sista. Soma tarehe."

Ilikuwa ile ya mwezi wa pili. Jiwe lilikuwa limechongwa kwa sherehe ya kwanza na kutiwa ukutani kwa saruji, na hakuna aliyekumbuka kulitazama nyuma ya pazia.

"Kumbe tulisomea humo mwaka mzima," rafiki yangu akasema. "Na hatukujua." Alitaka tucheke kama kawaida yetu, akanitazama, akaacha.

Nikamtafuta mhandisi kwa macho. Alikuwa ameiona. Alikuwa akitazama viatu vyake, na yule mama wa Spring Valley alimgusa kiwiko akimwuliza kitu, naye mhandisi akatikisa kichwa kwamba si kitu. Kisha kengele ya chakula ikapigwa na watu wakasogea kwenye turubai, wazee mbele, wageni katikati, watoto wakikimbia pembeni. Rafiki yangu akaenda kutushikia nafasi. Nikasikia sahani zikigongana, na mtu akiuliza chumvi iko wapi.

Mimi nilibaki pale ukutani. Mlango wa maabara ulikuwa wazi na watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wamekwisha kuingia, wakisokota mabomba, wakipanda stuli kwa viatu vyenye matope, na hakuna aliyewafukuza. Nilisoma jiwe tena tangu juu, nikisogeza midomo. Nikatazama kama kuna mtu ananiona. Hakukuwa na mtu. Nikalishika pazia kwa ncha ya vidole, likasita kwenye waya, nikalivuta pole pole mpaka likafunika maandishi yote. Nikalinyosha mikunjo.